Viatu Kwenye Kiti cha Enzi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye majengo ya kupanga ya Okolona, kusini mwa Louisville, mchana ndio ulikuwa usiku. Baba zetu walikesha maghalani wakipanga vifurushi vya watu wasiowajua, na asubuhi sisi tulipokuwa tunakimbilia basi la njano la shule, wao ndio kwanza wanavua viatu mlangoni. Kwa hiyo Jumamosi na likizo nzima jengo letu lilikuwa na sheria moja: kimya. Hakuna kombolela, hakuna mpira, hakuna kuimba. Mama zetu walikuwa na msemo wao ambao sijausikia kwingine: "Anayepiga kelele anakula usingizi wa baba yake, na usingizi wa baba ndio ugali wako." Ukiambiwa hivyo unameza kicheko chako kama dawa ya minyoo.

Mtoto wa leo akitakiwa anyamaze anapewa simu. Sisi tulipewa ngazi.

Zilikuwa ngazi za nje, za zege, zenye reli ya chuma iliyochubuka rangi, na hapo ndipo tulipoishi. Ukikaa katikati ungeweza kuchora ramani ya jengo zima kwa pua peke yake. Juu kabisa sombe, yaani kisamvu, la kina Merci, Wakongo kutoka Kivu, likichemka tangu asubuhi. Mlango wetu ulitoa harufu ya ndagala, dagaa wa kwetu, ambayo meneja wa jengo aliwahi kuja kuitafuta akidhani kuna kitu kimefia ukutani. Na chini kabisa, kwa kina Dilli, vitunguu vikikaangwa na bizari, pamoja na moshi mwembamba wa ubani uliokuwa ukipenya chini ya mlango. Tulicheza mdako kwa vijiwe vya maegesho ya magari, tukivirusha na kuvidaka bila kuvigonganisha. Sijui kama kuna watoto wengine duniani waliowahi kucheza mdako wa kimyakimya. Sisi tulikuwa mabingwa.

Mchezo mwingine usio na kelele ni hadithi, na huo ulikuwa wangu. Mimi shule haikunikaa hata siku zile. Nilikuwa na maswali mengi kuliko subira ya mwalimu, na Mama alikwisha kunibatiza upya, akaniita Kwanini. Jina likashika. Mpaka leo kuna watu Louisville hawajui kwamba nina jina lingine. Lakini ukinipa ngazi na watoto saba waliochoka kunyamaza, nilikuwa mtu. Tatizo ni kwamba hadithi za kule kambi ya wakimbizi tulikotoka, za sungura na fisi, zilikuwa zimeniishia. Nilikuwa nimeshamuua fisi kwa njia zote zinazowezekana.

Ndipo akaja Dilli na vitabu vyake.

Dilli tulikuwa naye darasa moja, lile la watoto wageni waliokuwa bado wanajifunza Kiingereza. Watu wao ni Wahindu waliofukuzwa Bhutan, wakakaa kambini Nepal miaka na miaka, kama sisi Warundi tulivyokaa kambini Kigoma. Siku ya kwanza tuliyokaa pamoja kwenye chakula cha shule, tukiwa tunachungulia maziwa ya chokoleti kwa mashaka, tuligundua kwamba neno la kwanza la Kiingereza tulilolijua wote wawili ni lile la kambi. La pili lilikuwa la mgao wa chakula. Urafiki ukaanzia hapo, wala haukuhitaji la tatu.

Dada yake alikuwa anasoma chuo kikuu Columbus, na kila alipokuja kuwatembelea alimletea vitabu vya katuni vilivyochorwa upya kutoka kwenye hadithi za zamani za dini yao. Jamani, vile vitabu! Karatasi laini zinazong'aa, zinanukia wino, rangi zinataka kukuchafua vidole. Wachoraji walikuwa vijana wa kisasa, hawakuogopa kitu. Kulikuwa na mwana wa mfalme, rangi yake bluu kama mbingu ya saa moja asubuhi, mikono yake imejaa misuli. Kulikuwa na jemadari tumbili aliyeweza kujikuza akawa mkubwa kuliko mlima, kisha akajipunguza akapita tundu la sindano. Na kulikuwa na mfalme mbaya mwenye vichwa kumi, anakaa kwenye jumba la vioo refu kuliko majengo yote ya mjini Louisville, kila kichwa na miwani yake ya jua ya aina tofauti. Dilli alinifundisha majina yao ya kweli, lakini bibi yake alisema majina ya Mungu hayachezewi ngazini ambako watu wanatema mate. Kwa heshima yake, tukawapa majina ya kwetu: Mwana wa Mfalme, Tumbili Mkuu, na Vichwa Kumi.

Utaratibu ukawa hivi. Bibi wa Dilli anaketi mlangoni kwake akichambua dengu, anakitazama kitabu kwa jicho la upande, anasema mchoraji amekosea. Vichwa Kumi hakuwa jambazi, alikuwa msomi, ndiyo maana alihitaji vichwa vingi. Dilli anaitafsiri kwa Kiingereza chake cha mwaka wa pili. Mimi naipokea kwa Kiingereza changu cha mwaka wa tatu, naigeuza Kiswahili, naongeza chumvi pale palipopooza, kisha naimwaga ngazini kwa kunong'ona. Bahari ambayo Tumbili Mkuu alitakiwa kuiruka niliifanya Ziwa Tanganyika, kwa sababu ndiyo maji mengi pekee niliyowahi kusimuliwa na Baba. Nani angenipinga?

Merci angenipinga. Merci alikuwa na umri wangu, mwembamba, mkali, na alikaa ngazi ya juu kuliko yangu makusudi ili anitazame kutoka juu.

"Bon, Kwanini," ananong'ona. "Ule wa vichwa kumi, akishikwa na mafua, anapenga kwa pua gani?"

"Zote."

"Zote kumi? Na mikono iko ngapi?"

"Ishirini."

"Ah. Bon. Endelea."

Nyumbani, Mama aliviona vile vitabu, akafurahi. Tena akafurahi sana. Hapa inabidi mwelewe, ninyi mliotoka kambini mnakumbuka: vitabu vyenye picha za rangi tulivyowahi kuviona kule vilikuwa vile vijitabu vya wamisionari, na ndani yake kila mtu mwema alikuwa na duara la mwanga nyuma ya kichwa. Mama hakusoma Kiingereza. Alifungua kitabu cha Dilli, akamkuta Mwana wa Mfalme ana duara la mwanga kubwa kuliko la malaika wote aliowahi kuwaona. Akakifuta kitabu vumbi kwa kanga, akakiweka juu ya friji, mahali pa heshima.

"Hatimaye," akasema, "shule ya huku imewapa kitu cha maana."

Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Nilikuwa na njaa, na chakula kilikuwa mezani.

Kilichomteka Mama hasa ni viatu. Siku moja alikuwa anaanika nguo kwenye reli nami nasimulia pale ambapo Mwana wa Mfalme, kwa hila za mama yake wa kambo, amefukuzwa kwao akaishi porini miaka kumi na minne. Watoto wa ngazini hawakuhitaji maelezo juu ya hilo. Wengi wetu tulizaliwa katika pori la namna hiyo. Basi mdogo wake akapewa kiti cha enzi, naye akakikataa. Akamfuata kaka yake msituni, akamwomba arudi. Kaka akasema ametoa neno, harudi mpaka muda uishe. Yule mdogo mtu akaomba viatu vya kaka yake, akavibeba kichwani njia nzima, akaviweka juu ya kiti cha enzi, yeye mwenyewe akakaa chini akalinda nchi.

"Banaweka sandale ku kiti ya mwami?" Merci akasahau kunong'ona. "Na iko na matope?"

Mama akasimama na shati la Baba mkononi, linadondosha maji kwenye vidole vyake vya miguu.

"Hakuna ndugu wa hivyo," akasema.

"Ndivyo kitabu kinavyosema, Mama."

"Na siku huyo kaka aliporudi? Alimrudishia?"

"Bado hatujafika huko."

Akaanika lile shati kichwa chini, hakurudi kulirekebisha.

Nilijua anachouliza. Sote nyumbani tulijua. Baba aliacha shamba la michikichi Burundi, na baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyetangulia kurudi kutoka kambini wakati watu wanarudishwa. Mwanzoni alipiga simu: "Kaka, shamba lipo, nalishika kwa niaba yako." Baadaye simu zikapungua. Baadaye akaja mtu akasema ameona nyumba ya matofali katikati ya michikichi yetu. Tangu siku hiyo, jina la baba mdogo likitajwa Baba alisinzia, hata kama ndiyo kwanza ameamka. Mama alikuwa hajalima lile shamba hata siku moja maishani, lakini alijua kila mti ulipo, kwa kuwa Baba alimchorea mchangani wakati wa uchumba. Kila alipopika kwa mawese ya dukani alikuwa anasema ya shamba lile yangekuwa mekundu zaidi.

Ikafika Jumapili ya ibada ya nyumbani, zamu yetu. Mnakumbuka ibada zile: viti vya kuazima milango yote, chai ya maziwa kwenye sufuria la pilau, ngoma inapigwa kwa vidole viwili ili jirani asigonge ukuta. Kulikuwa na desturi kwamba mtoto wa nyumba inayokaribisha lazima asimame atoe neno. Wenzangu walikuwa wakikariri mstari mmoja na kukaa. Mama, kwa fahari, akatangaza: "Mwanangu atasimulia habari ya Mwana wa Mfalme aliyefukuzwa kwao."

Ningefanya nini? Nilisimulia. Na nikwambie, sijawahi kupata hadhira kama ile, na nimesimulia kwingi. Nilipofika kwenye kufukuzwa, mama mmoja akasema, "Ee Bwana." Nilipofika porini, wakaitikia "Amina." Viatu vilipokaa kwenye kiti cha enzi, ngoma ikapigwa yenyewe. Baba aliyekuwa kwenye kona yake amefumba macho akafumbua moja.

Ndipo Mzee Zakaria, mwinjilisti wetu tangu kambini, akavaa miwani na kulowesha kidole tayari kufunua kurasa.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Sasa tupe andiko. Ni kitabu gani hicho?"

"Kitabu cha kwanza, mzee," nikajibu. "Na cha pili nusu. Cha mwisho Dilli hajaniletea."

"Dilli?" Akageukia wenzake. "Dilli ndiye nabii gani?"

"Si nabii, mzee. Anakaa chini. Chumba cha mwisho."

Kidole cha Mzee Zakaria kikakaukia hewani. Merci, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya chai, akatoka nje akiwa ameuma kanga ya mama yake. Mama akaenda kwenye friji, akateremsha vitabu, akavifungua ukurasa hadi ukurasa, na mwisho akakutana na kile ambacho mimi nilikuwa nakirukaruka haraka kila alipokuwa karibu: mungu mwenye kichwa cha ndovu, amekaa katulia, mikono minne, tumbo la heri.

"Kwanini," akasema polepole. "Huyu ni mtume wa wapi?"

Wageni hawakumaliza kuvaa makoti kabla Mama hajanishika mkono. Vitabu vinarudi kwa wenyewe leo hii, na urafiki na watu wa chini umekwisha leo hii. Nilishuka zile ngazi nimebeba vitabu kifuani kama mtu anayepeleka mtoto mgonjwa. Kwa ninyi jambo hilo linaweza kuonekana dogo. Mimi nilikuwa nanyang'anywa Dilli, ngazi, na mwisho wa hadithi, vyote kwa mpigo.

Bibi wa Dilli alifungua mlango, akamtazama Mama usoni, akaona kuna vita. Bibi mjanja yule. Hakuuliza kitu. Alimshika Mama kiwiko akamketisha. Kwetu, huwezi kumgombeza mtu umesimama mlangoni kwake akiwa amekwambia keti, na ukishaonja chakula cha mtu, ugomvi wa siku hiyo umekufa, utafute siku nyingine. Mama alilijua hilo, ndiyo maana chai ilipoletwa aliisukuma. Ikarudishwa. Akaisukuma. Kisha bibi akaweka sahani ya maandazi yao ya unga wa mchele, ya duara kama bangili, yametoka kwenye mafuta sasa hivi. Mama akayatazama. Alikuwa amewahudumia watu tangu asubuhi, hajatia kitu kinywani. Akamega kipande kidogo, cha adabu tu. Akatafuna.

Hapo nikajua vitabu vimepona.

Wakaanza kuongea kupitia kwetu, bibi kwa Dilli, Dilli kwangu, mimi kwa Mama, na majibu yakipanda njia ileile. Bibi alifungua kitabu kwenye picha ya msitu, akajigusa kifua. Kwao Bhutan walikuwa na michungwa na bustani za iliki. Waliondoka na nguo walizovaa.

"Muulize," Mama akaniambia, "nani anakaa huko sasa."

Jibu likashuka: "Jirani."

"Mwambie kwetu ni shemeji."

Bibi aliposikia hilo alitoa sauti moja, ile ya kuvuta hewa kwa meno, ambayo haikuhitaji mimi wala Dilli. Wakatafuna. Halafu Mama akafunua ukurasa wa viatu, akaweka kidole juu yake.

"Muulize. Huyu mdogo mtu, kaka yake aliporudi, alimrudishia?"

Bibi akacheka, akafunika mdomo kwa upindo wa sari. Dilli akaeleza kwamba nyumbani kwao bibi ana mwiko wake: habari ya kurudi husimuliwa siku moja tu kwa mwaka, siku ya taa, majira ya majani kuanguka, nyumba zote zinapowashwa taa kumkaribisha aliyetoka porini. Ukiisimulia kabla, ni kama kumwita mtu nyumbani gizani. Hata Dilli hathubutu. Kitabu cha mwisho dada yake atakileta siku hiyo.

"Anasema uje, Mama. Siku ya taa. Atakusomea mwenyewe."

Mama akafikiri. Akafuta vidole.

"Nitakuja kusikiliza," akasema. "Kuomba hapana. Na wewe, Kwanini, ngazini simulia. Kanisani ukirudia nakuchapa mbele ya Mzee Zakaria."

Lakini siku ya taa haikutukuta pamoja. Mwisho wa kiangazi ndugu zao wa Columbus waliwaita. Huko kulikuwa na watu wao wengi, na hekalu, na maduka yenye kila aina ya dengu. Asubuhi moja lori dogo likasimama mbele ya jengo, bibi akapandishwa mbele amekumbatia sufuria lake, Dilli akanipungia mkono kutoka juu ya magodoro. Hatukuwa na simu zetu, sisi watoto. Mtoto wa leo rafiki yake akihama hajui hata kama amehama. Sisi mtu akihama alikuwa amehama.

Ngazi ikagawanyika vyama viwili. Chama cha Kampa kilisema yule ndugu alirudisha kiti cha enzi, na chama cha Kamnyima, mwenyekiti wake Merci, kilisema haiwezekani. "Miaka kumi na ine mutu anachunga kiti, haikalie hata kidogo? Hata kujaribu tu?" Tulibishana majira yote ya baridi tukiwa ndani ya makoti ya msaada yenye mikono inayofika magotini. Mama hakujiunga na chama chochote. Ila majani yalipoanguka, mwaka ule na miaka iliyofuata, alikuwa akisimama dirishani akitazama mlango wa chini, sasa unakaliwa na watu wengine, na kuuliza, "Siku ya taa imekwishapita, eti?"

Mnisamehe, nakimbia kidogo, maisha yangu nayo yalikimbia. Shule niliiacha kabla haijafika mwisho, tukaachana bila ugomvi. Nimepanga vifurushi Okolona kama Baba, nimeosha magari, nimekata kuku kiwandani, nimesoma kila kitu kilichosahauliwa kwenye vyumba vya mapumziko. Wazazi walihamia Buffalo kumfuata binamu, wakapata nyumba ndogo ya mbao mtaa wa Riverside, karibu na mto Niagara. Mimi upepo ukanitupa Columbus, nikapanga chumba karibu na chuo kikuu pamoja na Mtanzania anayesomea udongo, mtu mwema, anaongea na mboji yake. Na kwa kuwa nilikuwa Columbus, nikaanza kuzunguka maduka ya Wanepali nikiulizia bibi fulani mwenye mjukuu fulani. Ningeweza kuutafuta ule mwisho mtandaoni, najua. Mtandao haukumwahidi Mama kitu. Bibi ndiye aliyeahidi.

Nilimkuta Dilli nyuma ya kaunta, ana ndevu, anapima iliki.

"Kwanini," akasema bila kushtuka. "Umechelewa."

"Foleni."

"Bibi alifariki mwaka jana."

Akanipa chai kwanza. Kisha akaingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa kitambaa chekundu. Kilikuwa kimekaa kwenye rafu ya sala miaka yote, akasema, kila mwaka bibi akikiteremsha siku ya taa na kukirudisha. Wajukuu hawakuruhusiwa kukigusa. Alikuwa akisema ni cha yule mama wa viatu.

"Na usimsomee kabla ya siku yenyewe," Dilli akaniambia. "Bibi atakuja usingizini akuvute masikio."

Basi la kwenda Buffalo lilinifikisha mchana wa siku ya taa. Mama alikuwa mlangoni amevaa soksi nene mbili mbili, na taa ya barazani aliiwasha jua likiwa bado linawaka. "Yule bibi alisema taa," akajitetea kabla sijauliza. Baba alikuwa kwenye kochi amefumba macho. Kazi ya usiku aliiacha mgongo ulipokataa, lakini mwili wake haujapata habari. Mdogo wangu Neema, aliyezaliwa Louisville, alikuwa na simu yake karibu na uso.

Nikafungua kitambaa. Harufu ya ubani na wino ikatoka, na mara moja nilikuwa ngazini. Neema akachungulia, akasema kwa Kiingereza chake cha puani kwamba hadithi hiyo yote iko mtandaoni, dakika nne, ina muziki.

"Nyamaza," Mama akamwambia. "Kaka yako anasoma."

Nikasoma kwa Kiswahili, polepole, kwa kunong'ona, kwa kuwa Baba amelala na mazoea ni mazoea. Vita vikaisha. Vichwa Kumi akaanguka na miwani yake yote. Miaka kumi na minne ikatimia. Mwana wa Mfalme akakaribia mji wa kwao, na watu wakaweka taa kwenye kila dirisha, kurasa mbili nzima za taa, hata nikaogopa kuzishika. Lango likafunguka. Mdogo mtu akatoka, mwembamba, nywele zimekuwa mvi mapema, amebeba viatu kichwani.

"Kampa?" sauti ikatoka kwenye kochi.

Macho yake bado yamefumbwa. Sikumbuki Baba kuwahi kuuliza kitu juu ya ndugu yeyote, wa kwenye kitabu wala wa kweli.

"Kampa, Baba."

"Chote?"

"Chote."

Mama alikuwa ameegemea mbele, anatazama picha: viatu vimewekwa chini, Mwana wa Mfalme amesimama mbele yake, miguu mitupu.

"Na vilimtosha?" akauliza.

Nikafunua. Ukurasa wa mwisho ulikuwa fataki na tumbili wakicheza.

"Hawakuchora, Mama."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akainyoosha miguu yake mbele, akaitazama ndani ya zile soksi.

"Havikumtosha," akasema. "Miaka yote ile porini? Miguu ilishapanuka. Ungempa viatu vile vya zamani angefika navyo wapi?" Akafuta macho. "Lakini alivileta. Maskini, alivileta."

Mimi bado nawaza vile tulivyokuwa. Watoto wa sasa kila hadithi wanaipata na mwisho wake palepale, moto, kama mkate wa mashine, wala siwaonei wivu. Sisi mwisho mmoja tuliungoja mpaka tukaota ndevu, na katikati ya kuungoja tukawa watu. Merci, kama unasoma hii, chama chako kimeshindwa.

Baba alikaa. Akatafuta miwani chini ya mto, akaivaa, akatazama dirishani kama anayepima jua.

"Burundi sasa hivi ni saa ngapi?" akauliza.

Mama akaacha kucheka. Mimi nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikapotea njiani. Neema akateremsha simu kutoka usoni, akagusa mara moja, na kwa mara ya kwanza siku ile akajibu kwa Kiswahili.

"Saa tatu usiku, Baba. Bado hawajalala."